Uchambuzi wa kisa: Familia yafika mara ya kwanza kwenye mgahawa wa kuku wa mashine

Mazingira

Mgahawa uko kwenye mtaa wa makazi jijini Dar es Salaam. Una meza tisa, nyingi zikiwa nje chini ya turubai, na mbele kabisa, mahali ambapo kila mpita njia lazima aione, imesimamishwa mashine ya kuchomea kuku yenye mlango wa vioo. Majina, mtaa na chochote kinachoweza kuutambulisha mgahawa au familia husika vimeondolewa. Nyakati zilizotajwa zimetoka kwenye daftari la oda, kwenye risiti na kwenye maelezo ya pande zote mbili. Pale maelezo yalipopishana, limefuatwa daftari.

Mashine ina vyuma vinne vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kila chuma hubeba kuku wanne. Moto ni wa gesi na hutokea ukuta wa nyuma. Mota inayozungusha vyuma hutumia umeme. Msomaji alishike hili mapema: umeme ukikatika kuku husimama, lakini moto hauzimiki. Pembeni kuna jiko la mkaa la mishikaki na ndizi, na kikaango cha chipsi.

Kuku ni wa kisasa, wa kama kilo 1.2 kila mmoja akishasafishwa. Huletwa wakiwa wamegandishwa, huingizwa friza, hutolewa asubuhi ya siku ya kuchomwa na kuachwa kwenye beseni. Saa mbili hivi kabla ya kupanda chuma hupakwa chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na pilipili manga. Kuku wa ukubwa huo, kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200, huiva kwa dakika 70 hadi 80 kama ameyeyuka barafu yote. Kama bado ana barafu tumboni, hesabu hiyo haifai.

Siku za wiki hupanda chuma kimoja au viwili kwa jioni. Jumamosi vyuma vyote hufanya kazi, na kuku hugawanywa kwa wateja wa aina mbili: waliokaa mezani, na walioagiza kwa simu, ambao hulipa mapema kwa lipa namba na kuletewa na bodaboda.

Wageni

Walikuwa watano: baba, mama, bibi mzaa baba, na watoto wawili wa shule ya msingi. Wanaishi jirani na walikuwa wakipita mbele ya mashine karibu kila jioni, lakini hawakuwahi kukaa. Bibi alikuwa amekuja mjini kuwatembelea, na jioni hiyo ilikuwa yake. Kwa hiyo aliyekuwa anapimwa pale hakuwa mpishi peke yake; hata mwana aliyempeleka mama yake mahali asipopajua alikuwa kwenye mizani.

Mtiririko wa jioni

Walifika Jumamosi, saa 1:10 usiku. Mhudumu alimwamkia bibi, akavuta kiti chenye mgongo, akaleta birika na beseni la kunawa. Mama aliuliza, "Kuku wapo?" Akajibiwa, "Wapo mama, dakika kumi tu." Waliagiza kuku mzima na nusu, chipsi sahani tatu, ugali wa bibi na soda tano.

Wakati huo ndani ya vioo walikuwa wanazunguka kuku 12, na kwa macho ya mgeni wote walikuwa chakula cha jioni. Hali halisi ilikuwa hivi. Chuma cha chini kilikuwa na kuku wanne waliopanda saa 12:00 jioni. Wote walikuwa wameshalipiwa kwa simu. Chuma kilichofuata juu yake kilikuwa na kuku wanne waliopanda saa 12:30. Wawili walikuwa wa meza iliyotangulia, na wawili waliobaki ndio ambao familia ingepewa. Chuma cha tatu kilikuwa kitupu. Chuma cha juu kabisa kilikuwa na kuku wanne wabichi waliopandishwa saa 1:05, dakika tano kabla ya familia kufika. Kuku wa mapema kabisa ambaye familia ingeweza kumpata angeiva saa 1:45. Zile dakika kumi hazikuwa na msingi wowote.

Saa 1:18 mchomaji alitoa chuma cha chini, akakatakata kuku wanne, akawafunga kwenye foili. Waendesha bodaboda wawili waliofika muda huohuo walipokea mifuko na kuondoka. Familia iliona yote hayo kutoka mezani. Baba aliinuka, akaenda kaunta na kuuliza kwa nini waliofika nyuma yake wanapewa mbele yake. Alijibiwa, "Hizo ni oda za simu, bosi, zenu zinakuja." Hakuambiwa saa ngapi.

Saa 1:25 chipsi na ugali vililetwa. Watoto walianza kula. Bibi alifunika ugali wake kwa sahani nyingine, akasubiri kitoweo.

Saa 1:34 umeme ulikatika. Vyuma vilisimama. Mchomaji alikimbilia jenereta nyuma ya jengo, ikagoma mara kadhaa. Moto wa gesi uliendelea kuwaka kwa nguvu ileile kwa kama dakika nne, mpaka mwenzake alipokumbuka kuupunguza. Hakuna aliyegeuza vyuma kwa mkono. Umeme wa jenereta ulirudi saa 1:43. Upande mmoja wa kila kuku ulikuwa umeungua, na vipapatio ambavyo havikuwa vimefungwa kwa uzi vilikuwa vyeusi hadi mfupani.

Saa 1:52 chuma cha pili kilitolewa. Kuku walikatwa palepale kwa shoka la nyama, bila kupumzishwa, na saa 1:55 sinia lilikuwa mezani. Mchuzi wa nyama ulikuwa umetapakaa chini ya vipande kabla hata sinia halijatua. Bibi alipewa paja. Alipolitenganisha na mguu, kwenye kiungo palikuwa na rangi nyekundu iliyokolea, na tone la maji mekundu likaanguka kwenye ugali.

Mama alimwita mhudumu. "Hebu njoo uone, hii nyama mbichi."

"Hapana mama, imeiva kabisa. Hiyo ni damu ya mfupa tu."

"Damu ni damu, mwanangu. Simlishi mkwe wangu hii."

Msimamizi wa zamu alikuja ndani ya dakika moja. Alimwomba radhi bibi kwanza, kisha mama, akachukua sinia zima bila kujadili. Vipande viliwekwa juu ya jiko la mkaa kwa dakika nane. Kabla ya kuvirudisha mezani alitafuta kipimajoto kilichokuwa kwenye droo ya kaunta, akachoma paja, akasoma nyuzi 81. Saa 2:12 sinia lilirudi, na sahani mpya ya ugali wa moto pamoja nalo. Chipsi zilikuwa zimeshapoa na hazikubadilishwa.

Bili ilikuwa shilingi 51,500: kuku mzima 24,000, nusu 12,000, chipsi 9,000, ugali 1,500, soda 5,000. Msimamizi alifuta ile nusu, wakalipa 39,500. Vidari karibu vyote vilibaki, vikafungwa kwenye foili.

Maamuzi na sababu zake

*Mhudumu kusema dakika kumi.* Hakudanganya kwa kupenda. Alikuwa amezoea siku za wiki, ambapo mara nyingi kuku aliyeiva yuko tayari anazungushwa kwa moto mdogo akisubiri mtu. Jumamosi hali ni nyingine, lakini saa ya kila chuma ilikuwa kichwani mwa mchomaji peke yake. Mhudumu hakuwa na mahali pa kuisoma, na hofu ya mgeni kuondoka ilijaza pengo.

*Oda za simu kutoka kwanza.* Uamuzi huu ulikuwa sahihi. Walikuwa wamelipa na walikuwa wametangulia kuagiza. Kilichokosekana ni sentensi moja kwa baba: kuku hawa waliagizwa kabla hamjafika, wa kwenu watatoka saa 1:45.

*Chipsi na ugali kutangulia.* Kikaango kilikuwa hakina kazi, jikoni wakaona waitumie nafasi. Chipsi zinahitaji kama dakika sita hadi nane; kuzianza nusu saa kabla ya kuku ni kumpa mgeni chipsi baridi.

*Familia kubaki.* Saa 1:30 baba alitaka waondoke. Mama aliona watoto wameshaanza kula na bibi ameshatulia, na kumwinua mgeni wako mezani kabla hajala ni aibu. Walibaki kwa sababu ya bibi. Kwa hiyo lile paja lilipokuwa jekundu mkononi mwake, jambo lilikuwa zito kuliko paja.

*Msimamizi kuchukua sinia bila kubishana, na kufuta nusu kuku.* Alieleza baadaye kwamba hakuwa na namna ya kuthibitisha kuwa nyama imeiva, hivyo aliona maneno yasingesaidia. Alifuta nusu badala ya bili nzima kwa sababu kuku mzima alikuwa akiliwa.

Matokeo

Hakuna aliyeugua, kwa taarifa zilizofika pande zote mbili. Familia ilirudi baada ya wiki kadhaa, safari hii baba akipiga simu saa 11 jioni na kuomba kuku atoke saa 1:00 kamili. Aliwekewa kwenye chuma kilichopanda saa 11:40, akatolewa saa 12:55. Mgahawa nao ulibadilisha mambo yatakayoelezwa hapa chini.

Uchambuzi

*Wekundu kwenye mfupa*

Tuanze na hili kwa sababu ndilo linalozua ugomvi kwenye migahawa mingi ya kuku, na pande zote mbili huwa na sehemu ya ukweli.

Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki chache tu. Mifupa yake haijakomaa, bado ina vitundu. Akigandishwa, chembe za uboho hupasuka. Akipata moto, ile rangi ya uboho hupenya mfupa na kutia wekundu, wakati mwingine weusi, kwenye nyama iliyo jirani. Nyama hiyo inaweza kuwa imeiva kabisa na bado ikaonekana hivyo. Kuku hawa walikuwa wachanga na walikuwa wametoka friza. Maelezo ya mhudumu, kama maelezo, yalikuwa na uzito.

Lakini upo uwezekano wa pili. Kuku wa kilo 1.2 aliyeganda anahitaji takriban saa 24 ndani ya friji ili ayeyuke mpaka ndani. Hapa walitolewa asubuhi na kuachwa kwenye beseni. Nje walilegea haraka na kukaa saa nyingi kwenye joto la jikoni, jambo ambalo ni hatari kwa sababu yake lenyewe, huku tumboni na kwenye kiungo cha paja barafu ikichelewa kuisha. Kuku wa namna hiyo akipanda chuma, ngozi huwa ya dhahabu wakati kiungo bado kiko nyuma kwa dakika 15 au zaidi. Ukiongeza dakika tisa ambazo vyuma vilisimama, na mashine kufunguliwa mara mbili kutoa na kupandisha, paja lililokuwa bichi kiungoni linawezekana vilevile.

Macho hayawezi kutenganisha hali hizi mbili kwa uhakika. Zipo dalili: nyama mbichi huteleza, hung'aa na hung'ang'ania mfupa, iliyoiva huachana na mfupa, nyuzi zake hutengana, na kiungo huzunguka kirahisi ukikishika mguu. Dalili hizo zinasaidia kuamua kama kuku aendelee kuzunguka, ila hazitoshi kumjibu mama aliyeshika sahani ya mkwe wake. Jibu linalotosha ni nyuzi 74 au zaidi, zikipimwa kwenye sehemu nene ya paja, ncha ya kipimajoto ikiwa ndani ya nyama bila kugusa mfupa. Ikigusa mfupa, namba inayosomeka si ya nyama.

Kipimajoto kilikuwepo. Kilitolewa droo baada ya nyama kukaa kwenye mkaa dakika nane, na nyuzi 81 zilizosomwa zilieleza kazi ya mkaa. Kuhusu paja lilivyokuwa saa 1:55 hazikusema lolote. Kama msimamizi angechoma kipimajoto pale mezani, mbele ya mama, kabla ya kuondoa sinia, yangepatikana moja kati ya mawili: namba ya kumtuliza mgeni, au taarifa kwamba kuku wote wa chuma kile warudishwe, wakiwemo waliokuwa kwenye meza jirani. Hiyo meza jirani ilikula kuku wa chuma kilekile na hakuna aliyekwenda kuiangalia.

Mama alifanya sawa kukataa. Mgeni hana wajibu wa kujua habari za uboho. Anayeuza ndiye anayepaswa kuwa na namna ya kuonyesha.

*Kwa nini vidari vilikuwa vikavu*

Kidari hakina mafuta mengi, na kikishapita nyuzi 75 hivi huanza kukauka haraka. Paja lina mafuta na mishipa migumu inayolainika vizuri zaidi ikifika nyuzi 80 na kitu. Kuku mzima ana sehemu hizi mbili zinazotaka joto tofauti, na mashine ya kuzungusha inasifika kwa sababu mafuta hayadondoki yote: yanatembea juu ya ngozi kadiri kuku anavyogeuka na kuipaka tena na tena. Vyuma viliposimama dakika tisa, faida hiyo ilikatika, upande mmoja ukapokea moto wote. Kisha kuku akakatwa akiwa bado anafoka, maji yake yakaishia kwenye sinia. Kisha vipande vikaenda mkaani dakika nane zaidi, vidari pamoja na mapaja, ingawa lalamiko lilihusu paja tu. Vidari vingebaki pembeni vimefunikwa, mapaja yarudi motoni peke yake.

Chumvi nayo ilikuwa na sehemu yake. Saa mbili za viungo hugusa ngozi tu. Chumvi ikipewa usiku mzima huingia ndani na kusaidia nyama kushikilia maji. Kipimo kinachofanya kazi ni gramu 15 kwa kila kilo ya kuku, yaani gramu 18 kwa kuku wa kilo 1.2, ambayo ni kama kijiko kikubwa kimoja cha chumvi laini kilichosawazishwa. Sehemu ya chumvi hiyo ipakwe ndani ya tumbo, kuku akae kwenye friji bila kufunikwa, chini ya vyakula vilivyoiva. Ngozi hukauka na baadaye hukamata rangi vizuri. Ndimu ipakwe saa moja au mbili za mwisho. Ikikaa usiku kucha hufanya nyama ya juu iwe kama unga.

*Umeme*

Hatua ya kwanza umeme unapokatika ni kupunguza gesi mpaka chini kabisa, na inachukua sekunde mbili. Jenereta ni hatua ya pili. Jioni hiyo ilikuwa kinyume. Kama jenereta inagoma, vyuma vigeuzwe kwa mkono, robo mzunguko kila dakika moja hivi, kwa glavu nene. Muda uliopotea uongezwe kwenye hesabu ya kutoa kuku, na mhudumu aambiwe ili naye aziambie meza.

Vipapatio vilivyoungua vina sababu nyingine: havikufungwa. Miguu ifungwe pamoja kwa uzi wa pamba na vipapatio vikunjwe nyuma ya mgongo. Kuku anayening'iniza viungo huchoma ncha zake na huyumbisha chuma, mota inalemewa kila anapofika upande wa kupanda.

*Kilichofanya kazi*

Mapokezi ya bibi yalikuwa mazuri: kiti chenye mgongo, maamkizi, maji ya kunawa mapema. Mama alisema wazi kwamba bila hayo wangeondoka saa 1:30. Msimamizi kumwomba bibi radhi kwanza, kabla ya aliyelalamika, kulionyesha kwamba ameelewa jioni ile ni ya nani. Ugali mpya, ambao haukuombwa, uligharimu mgahawa kidogo mno ukilinganisha na uzito wake. Kufuta nusu kuku palepale, bila kusubiri mwenye mgahawa apigiwe simu, kulimaliza jambo kabla halijawa hadithi ya mtaa.

*Kosa ambalo hakuna aliyelalamikia*

Saa 1:05 kuku wanne wabichi walipandishwa chuma cha juu kabisa, wakati chini yao walikuwepo kuku waliobakiza dakika chache kutoka. Maji ya kuku mbichi hudondoka. Kwenye mashine ya vyuma vilivyopangana, yanadondokea walio chini. Wale wa chuma cha pili walikaa motoni dakika 47 zaidi, na ngozi yao ilipata moto wa kutosha baadaye. Wale wa chuma cha chini walitolewa saa 1:18, dakika 13 tu baada ya wabichi kuwekwa juu yao, wakafungwa kwenye foili, wakaenda kwenye nyumba za watu. Hakuna aliyerudi na malalamiko, na kwa sababu hiyo kosa lingeweza kuendelea kila Jumamosi. Kwa hatari, linazidi lile paja jekundu lililosimamisha mgahawa mzima.

Mchomaji alifanya hivyo kwa sababu ya kimatendo: chuma cha juu kilikuwa kimetoka kuachwa wazi, na kupandisha palipo wazi ni rahisi. Utaratibu salama unadai kazi zaidi. Chuma cha juu kikiiva kinatolewa, vilivyobaki vinasogezwa juu ngazi moja kila kimoja, na wabichi wanaingia chini. Una faida ya pili: joto hupanda, kwa hiyo kuku anayemalizia anakuwa mahali pa moto mkali zaidi na ngozi yake inakamata rangi, huku mafuta yake yakidondokea walio chini na kuwalainisha.

Yaliyobadilishwa, na yaliyobaki

Wabichi sasa wanaingia chini, bila kuuliza. Hili ndilo lilikuwa la kwanza kubadilishwa.

Jumamosi vyuma hupandishwa kwa kupishana dakika 20. Kwa vyuma vinne, na mzunguko wa dakika 80 ukihesabu dakika 75 za moto na tano za kutoa na kupandisha, kuku wanne hutoka kila baada ya dakika 20, yaani 12 kwa saa. Ubao mdogo umetundikwa kaunta upande wa wahudumu: namba ya chuma, saa ya kutoka, na wangapi bado hawana mwenyewe. Mgeni akifika, mhudumu anasoma ubao na kutaja saa. Kama ni nusu saa, anasema nusu saa na kuuliza kama waanze na ndizi za kuchoma au mishikaki. Chipsi zikiingia kikaangoni kabla ya chuma cha meza hiyo kutoka, haziwezi kuliwa za moto pamoja na kuku, hivyo sheria ni moja: chuma kikitoka, chipsi zinaingia. Kuku anapumzika dakika kumi chini ya foili iliyoegeshwa bila kubanwa, ili mvuke usilowanishe ngozi, na chipsi zinaiva ndani ya dakika hizohizo.

Kipimajoto kinaning'inia kwenye mashine. Kuku mmoja wa kila chuma hupimwa pajani kabla ya kutolewa, mara nyingi yule wa katikati kwa sababu wa pembeni hupata moto wa pande zaidi, na namba inaandikwa ubaoni. Ncha inafutwa kwa maji ya moto na sabuni kila baada ya kupima.

Kuyeyusha barafu bado ni tatizo. Friji iliyopo haitoshi kuku 30 kwa saa 24. Njia inayotumika sasa ni maji baridi: kuku ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, ndani ya ndoo, maji yakibadilishwa kila dakika 30, kwa saa mbili hadi tatu, kisha moja kwa moja kwenye friji na chumvi. Inafanya kazi, lakini inakula maji na inahitaji mtu wa kuisimamia, na siku mtu huyo akichelewa, kuku hurudi kwenye beseni.

Bei nayo haijanyooka. Orodha ukutani inasema kuku mzima 24,000 bila kueleza kama ni pamoja na chipsi, na wageni wapya huuliza kila siku. Kuku wa kilo 1.2 akichomwa hubaki kama gramu 900, na theluthi hivi ni mifupa. Robo inamtosha mtu mzima mwenye chipsi au ugali. Kwa familia ile ya watu wazima watatu na watoto wawili, kuku mzima na robo vingetosha, na mhudumu angeweza kusema hivyo.

Kwa mgeni anayekwenda mahali kama hapa kwa mara ya kwanza, maswali mawili kabla ya kuketi yanatosha: chuma gani hakina mwenyewe, na kinatoka saa ngapi. Akipiga simu saa mbili kabla, mchomaji ana muda wa kumpandishia wake. Nyama inayobaki isikae nje zaidi ya saa mbili. Itenganishwe na mifupa, iingie friji, iliwe ndani ya siku tatu au nne, na ipashwe moto mpaka ifoke mvuke katikati.